Udongo Uliotiwa Nguvu

9 Februari

Mwanangu Mdomo,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mgongo wangu unalalamika ila siusikilizi. Nyumba hii ilishapata mlalamikaji wake, tukamsomesha, na sasa analalamika gazetini kila Jumapili.

Barua ya maabara yenu tumeipata. Dada yako alinisomea, kisha nikajisomea mwenyewe, maana yeye husoma kama anafukuzwa. Mnataka udongo wa kila shamba linalozunguka bwawa, mjue ni nani anayeyageuza maji kuwa ya kijani. Vyema. Bwawa kweli linanuka. Wanaoishi chini huko hawafui tena nguo nyeupe, na wiki iliyopita samaki walielea matumbo juu kama vijiko vilivyosahauliwa ndani ya beseni.

Tumefanya kama mlivyoagiza. Dada yako alilikata shamba mshazari kwenda na mshazari kurudi, kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake, akachimba mahali kumi na tano, kina cha shubiri moja, akachanganya kwenye ndoo mpya. Ndoo mpya, nakuapia; mimi hata kuishika nilikatazwa. Mama Mkwe alimfuata nyuma akimkodolea macho. Ng'ombe yule tulimpa jina linalomfaa: hakuna kazi ya mtu inayomridhisha. Kamati na Kibogoyo hawajambo pia. Samadi yao watatu haitoshi shamba lote, ninaigawa shimo kwa shimo kama mtu anayegawa dawa.

Udongo nimeuanika barazani juu ya gazeti lenye makala yako. Unajua magazeti yako hatuyafungii kitu. Lakini huu si kitu, ni udongo wetu, nikaona ukauke juu ya jina lako. Dereva wa lori la maziwa atauleta Jumatano. Geuza.

Huku nyuma ni neno letu wawili, dada yako asilione. Ulipokauka niliutazama, nikauonea huruma. Umepauka kama mtu aliyetoka kuugua. Nikawaza: huu unakwenda kupimwa mbele ya wenzake, mbele ya mashine, mbele ya wakubwa wa mwanangu, nao ndio uliomlea. Mtoto haendi kwenye mtihani na njaa. Basi nimeutia nguvu kidogo. Nimesaga mbolea ya dukani kwa chupa, nikatia kiasi cha kushikwa na vidole vitatu, kama chumvi ya mboga. Kama si kosa, nyamaza. Kama ni kosa, wewe ndiye mpimaji, utajua namna ya kukiondoa, au niandikie nikutumie mwingine.

Baba yako.


4 Machi

Shikamoo Baba,

Ninaandika nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitakuwa mpole.

Barua yako iliyokuja na mfuko nimeipata. Nilicheka kwa wale samaki wako na vijiko, na Mama Mkwe nimemwona kama yuko mbele yangu. Kicheko kimeishia hapo. Ngoja nikueleze tunavyopima, uone mwenyewe jambo hili lilivyosimama.

Udongo tunauchekecha, tunautia dawa ndani ya chupa, chupa inatikiswa nusu saa, maji yake yanachujwa, kisha tunayadondoshea dawa nyingine. Fosforasi ikiwemo, maji yanageuka buluu. Kadiri buluu inavyokoza ndivyo fosforasi ilivyo nyingi. Juzi nilipanga chupa thelathini na moja dirishani, shamba kwa shamba. Thelathini zilikuwa buluu ya shati lililofuliwa miaka mingi. Moja ilikuwa buluu ya wino. Mkuu wa maabara akasimama mbele yake, akauliza: "Huyu mzee ana kiwanda?" Chumba kizima kikacheka. Nikasoma namba ya mfuko ingawa nilikuwa nimeshaijua.

Baba, mahindi yanaridhika na fosforasi ya thelathini. Yako ni mia mbili na kumi na nne. Mwenye shamba la kuku pale juu yako, ambaye ningeapa ndiye mchafuzi, ana ishirini na sita!

Kitu hiki hakina adabu ya chumvi, kusema kitayeyuka kiende zake. Mmea unachukua unachotaka, kinachobaki kinang'ang'ania udongo miaka na miaka kama kinyongo. Mvua inabeba udongo mpaka bwawani. Huko kinalisha mwani, mwani unafunika maji, unakufa, unaoza, na kuoza kwake kunawanyang'anya samaki pumzi. Miaka thelathini na tano umetia samadi na juu yake mbolea ya dukani, kwa sababu bwana shamba alikwambia zaidi ni bora. Alikudanganya, au alidanganywa na wenye maduka. Mimi nimelipigia kelele jambo hili nusu ya maisha yangu, kumbe lilikuwa linalala nyumbani kwetu.

Kuanzia leo usitie chochote. Si samadi, si ya dukani, si kiganja. Na ng'ombe waondoke kwenye mteremko ule. Nisamehe. Siwezi kuwahukumu baba za watu na wa kwangu nikambeba mgongoni.

Mwanao, Mdomo.


25 Machi

Mdogo wangu,

Simu hupokei, basi barua angalau dada wa mapokezi atakuwekea mezani.

Nimeisoma makala yako. Si mimi peke yangu. Imesomwa na kila mwenye macho, na wasio na macho wamesomewa. "Mzee Anayeliua Bwawa." Hukumtaja jina, wewe ni mtu wa heshima zako. Ulisema tu kwamba unamjua kama unavyokijua kiganja chako, ana ng'ombe watatu na mteremko unaotazama bwawa. Sasa hapa wazee wa namna hiyo ni wangapi? Hata Kibogoyo angejua ni nani.

Jumanne kamati ya bwawa ilikutana darasani. Unajua nani aliisoma makala kwa sauti? Mwenye kuku. Akavaa miwani, akasoma taratibu, neno kwa neno, akitua kwenye vituo vyako vyote. Kuku elfu kumi na mbili anao, na mlima wa kinyesi chao umekaa hatua hamsini kutoka majini, na mvua ikinyesha tunauona ukitembea. Eti udongo wake ishirini na sita! Alichimba wapi, chini ya kitanda chake?

Wamempa Baba mpaka mwisho wa mwezi ng'ombe wawe wameondoka. Nilimbana ubavu, nikamwambia: "Baba, simama useme." Akasimama. Akavua kofia. Akasema: "Mwanangu amepima. Mwanangu hapimi ovyo." Akakaa. Watu wakatazama madawati kwa aibu ambayo haikuwa yao.

Njiani nikamgombeza. Akasema: "Usimsumbue kijana. Anajua yote, nilimweleza." Nikamuuliza yote yapi, akaanza kunionyesha ndege.

Ninakuomba jambo moja, nami si mwombaji. Njoo uchimbe mwenyewe. Siku moja tu, na koleo lako. Mahindi yamekuwa yakidai samadi kila mwaka kama mtoto anayedai ziwa la mama, leo unaniambia ardhi hiyo hiyo imevimbiwa? Pima tena, kabla ng'ombe hawajatoka.

Dada yako.


28 Machi

Dada,

Umeniandikia kama hakimu, nami nitakujibu kama mshtakiwa asiye na hatia.

Unataka nipime tena. Kwa nini? Kwa sababu jibu halikupendeza. Mkulima gani katika wale thelathini na mmoja hakuambiwa jambo lisilompendeza? Nikirudia kipimo cha Baba yangu, kesho aje nani nimkatalie? Miaka ishirini nimeandika dhidi ya ofisa anayempimia mjomba kwa kibaba kikubwa na jirani kwa kibaba kidogo. Unataka Jumapili ijayo nianze kuandika dhidi yangu mwenyewe?

Kuhusu mwenye kuku: udongo wake aliuleta mwenyewe kama Baba alivyouleta wa kwake, kama kila mmoja alivyouleta. Kanuni ni ile ile. Ukisema yeye aliucheza, na wale waseme sisi tuliucheza, tutamaliza wapi? Mashine haijui ng'ombe wa nani. Ndiyo sababu ninaipenda kuliko watu.

Unasema nimemwaibisha. Nimeonyesha kwamba ukweli hauna ukoo. Watu wameniandikia barua za pongezi kutoka nisikokujua. Baba mwenyewe alinielewa, umeniandikia kwa mkono wako: "Mwanangu hapimi ovyo." Kumbe katika nyumba ile mwenye elimu zaidi ni yule asiyemaliza darasa la nne.

Uza ng'ombe, Dada. Nami pia nawapenda. Nilijifunza kukamua kwa nyanya yake Kibogoyo.

Mdomo.


14 Mei

Mwanangu Mdomo,

Salamu. Mvua ni nzuri.

Ng'ombe walitoka tarehe ishirini na tisa Machi. Kamati na Kibogoyo walikwenda kwa yule fundi cherehani, Mama Mkwe kwa watu wa ng'ambo ya kilima. Huyu wa mwisho aligoma mlangoni. Ilibidi nimsemeshe. Sasa saa kumi na moja alfajiri naamka, nashika ndoo, nafika bandani, ndipo nakumbuka. Dada yako anasema nizoee. Mkono una ukaidi wake.

Tumepanda bila kutia kitu, kama ulivyoagiza. Jirani alileta toroli la samadi kwa huruma, nikamshukuru, nikamrudisha nalo.

Mahindi yameota lakini yana jambo sijaliona tangu ujana wangu. Majani yana rangi ya zambarau, kuanzia ncha, yanashuka pembeni kama mtu amechovya kwenye wino. Yamefika magotini na hayataki kupanda zaidi. Dada yako anasema yana njaa. Mimi nimemwambia ardhi ile imeshiba, mwanangu ameona kwa macho.

Lakini usiku huu wa uzee, mtu hulala na maswali. Naomba uniulizie hao wakubwa wako: udongo ukienda kwenye kipimo na kitu juu yake, mashine hukiona kando, ikakiacha? Au inahesabu vyote pamoja? Na wewe, barua yangu ile ya kwanza uliisoma yote?

Niwie radhi kwa kukusumbua kazini.

Baba yako.


21 Mei

Shikamoo Baba,

Nina dakika chache, kuna mifuko mia nane hapa na wasaidizi wawili, mmoja anaumwa.

Rangi ya zambarau isikutishe. Mara nyingi ni baridi ya udongo; mizizi inakuwa mivivu, haifikii chakula kilichopo. Ardhi ikipata joto itapita. Ingekuwa shamba la mtu mwingine ningesema ni njaa ya fosforasi, lakini kwako wewe hilo haliwezekani, ni kama kusema samaki ana kiu.

Mashine haidanganywi, Baba. Inaona kilichomo. Kama kuna jani, jiwe au mzizi, tunauchekecha udongo, vinabaki juu.

Na barua yako niliisoma, nitaachaje? Niliisoma yote. Nimeitunza kwenye droo yangu pamoja na nyingine zako.

Kuhusu ng'ombe, nimeumia pia. Ulifanya kama mwanamume.

Mwanao, Mdomo.


28 Mei

Mwanangu,

Nimepata jibu lako. Kama uliisoma yote, na bado ukasema ulivyosema, basi. Nimetulia. Nilikuwa na wasiwasi wa kizee.

Nimemwambia dada yako asikuandikie tena kuhusu majani.

Baba yako.


3 Septemba

Mdogo wangu,

Mavuno yameingia. Mwaka jana magunia ishirini na mawili. Mwaka huu manne, na la nne nimelitikisa mara mbili ili lijae.

Bwawa ni la kijani kuliko lilivyokuwa. Ng'ombe hawapo miezi mitano sasa, samadi haipo, mzee anayeliua bwawa amekaa barazani na kofia yake mapajani, na bwawa linaendelea kufa bila msaada wake. Niambie gazeti lako linalielezaje hilo.

Mama Mkwe ametoroka mara tatu. Anavuka kilima, anakuja kusimama kwenye banda tupu. Baba anatoka, wanatazamana. Kisha aliyemnunua anakuja na kamba. Mara ya tatu Baba hakutoka. Alimsikia, akanituma nikamsalimie.

Baba anasema nisikwambie mengine. Kwa hiyo sikuambii mengine. Lakini kama ungekuwa na mpango wa kuja mwisho wa mwaka, ningekuwa wewe ningekuja mapema.

Dada yako.


15 Septemba

Dada,

Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha kungojea, maana nimealikwa kuzungumza na wapima udongo wa mikoa yote. Wanataka kusikia habari ya bwawa letu. Nina picha ya ile chupa ya wino. Nitaionyesha ukutani, kubwa kama mlango.

Bwawa haliwezi kupona kwa miezi mitano. Niliwaambia: fosforasi iliyoshuka inakaa kwenye matope ya chini, na inaweza kulisha mwani miaka kumi baada ya mchafuzi kuacha. Watoto watalipa deni la babu. Hivyo kijani hicho si ushahidi wa kunisuta, ni ushahidi wa nilichosema.

Magunia manne yamenishangaza, nakiri. Nitakuja Desemba, tuone mbegu mlizonunua. Mwambie Baba nitamletea miwani mpya ili aache kutegemea macho yako yanayofukuzwa.

Mdomo.


2 Novemba

Dada yangu,

Nimerudi mjini wiki mbili sasa na kila siku nimeketi kukuandikia.

Ulinisemesha maneno saba tangu niliposhuka kwenye gari mpaka tulipomfukia Baba. Nimeyahesabu. Manne yalikuwa "Shika upande wa miguu." Sikustahili hata hayo. Kisha kesho yake uliniona nimepiga magoti shambani na koleo, wageni wamejaa nyumbani, ukaingia ndani ukafunga mlango. Ulidhani nimekwenda kutafuta makala nyingine. Nataka ujue nilikuwa nafanya nini, na nimepata nini. Soma ukiwa umekaa.

Siku ya mazishi, walipokuwa wanachimba kaburi, nilisimama ukingoni nikautazama ule udongo uliotupwa juu. Ni kazi yangu, macho yalikwenda yenyewe hata siku ile. Nikaona mabua ya mahindi kando yake, membamba kama mabua ya ufagio, mizizi yake mifupi kama ndevu. Dada, mimi ninajua kusoma mizizi. Ile haikuwa baridi.

Basi kesho yake nilichimba. Mahali kumi na tano, mshazari kwenda, mshazari kurudi, kama ulivyofanya wewe. Kisha nikapanda juu kwa mwenye kuku, yeye yuko kwetu anakunywa chai ya msiba, nikachimba chini ya mlima wake wa kinyesi mpaka ukingo wa maji.

Nilipima mwenyewe, mlango nimeufunga. Nilidondosha dawa kwenye chupa ya kwetu nikangoja buluu. Nikangoja. Nikafikiri nimesahau dawa, nikarudia. Maji yalikaa meupe kama ya kunywa. Fosforasi nne, Dada. Nne! Udongo mwekundu kama wetu ukipewa fosforasi kidogo unaifumbata kama ngumi, unatakiwa ulishwe shimo kwa shimo kila mwaka, kama alivyofanya yeye bila kufundishwa na mtu. Chupa ya mwenye kuku iligeuka kabla sijaweka chini mrija wa dawa. Mia tatu na tisini.

Nikajiuliza ile ya wino ilitoka wapi. Nilimshuku dereva wa lori. Nilimshuku msaidizi. Nilikushuku wewe, nisamehe, na ndoo yako. Nikafungua droo nitafute tarehe ya mfuko kwenye barua ya Baba ya Februari.

Sina pa kujificha. Barua haikuwa imegandana, haikuwa imechanika. Mwisho wa ukurasa wa mbele ameandika "Geuza", na nakumbuka nililiona neno hilo. Nilikuwa na chupa zinatikiswa. Niliwaza, huko nyuma atakuwa ananisalimia majirani. Nikaiweka kwenye droo.

Ninakunakilia upande wa nyuma wote hapa chini, neno kwa neno, kwa sababu sasa ni haki yako ingawa aliandika wewe usione.

Umeshasoma? Vidole vitatu. Aliona udongo umepauka akautia nguvu ili usiniaibishe. Na aliniambia. Siku ile ile, kabla ya chupa, kabla ya gazeti, kabla ya kamati na kofia yake mkononi, alikuwa ameniambia, akaniuliza kama ni kosa, akajitolea kutuma mwingine. Mei akaniuliza kwa mkono wake kama niliisoma yote. Mimi, ninayewaita watu waongo kila Jumapili, nikamwandikia: yote.

Kwa hiyo alikufa akiamini kwamba nilijua, nikakiondoa, na bado ardhi yake ikaonekana na hatia.

Nimempelekea mhariri masahihisho ya kurasa mbili. Amechapa mistari mitatu, chini ya mafumbo ya maneno. Nimemwambia asitegemee tena makala yangu. Mkuu wa maabara ameyapokea majibu mapya, atatuma watu wakachimbe wao wenyewe mashamba yote. Barua hii isomee kamati yote, usiruke kitu, hasa pale nilipodanganya.

Sikuombi msamaha. Nisingejua pa kuuweka.

Mdogo wako.


20 Novemba

Mdogo wangu,

Nimeisomea kamati. Sikuruka kitu, na kwa mara ya kwanza maishani nilisoma polepole. Nilipofika kwenye mia tatu na tisini, mwenye kuku alikumbuka kwamba ameacha kitu nyumbani. Hajarudi mpaka leo kukichukua kiti chake. Wameandika barua, wamepiga muhuri, wamesema mlima ule uhame. Tutaona. Milima ya wakubwa huhama taratibu.

Juu ya Baba hawakuandika hata mstari. Mwenyekiti alifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Sisemi umemuua. Miaka sabini na tisa ina kazi yake, na kifua kile kilianza kabla hujajua kuandika. Lakini ulimpunguzia mambo ya kuamkia.

Unataka kujua siku zake za mwisho, nami nilikatazwa, sasa aliyenikataza hayupo. Alikuwa akishuka shambani kwa fimbo, anachukua udongo mkononi, anausugua, anaunusa. Siku moja nilimkuta ameushika hivyo, akaniambia: "Huu haujashiba, mwanangu. Lakini tusimbishie kijana, yeye anajua zaidi." Alisema kwa fahari, usidhani alikuwa na uchungu nawe. Ningependa angekuwa nao; ungenipunguzia mimi.

Yule fundi cherehani amenirudishia Kibogoyo. Amesema hakuweza kumkamua na kutazama upande wa kwetu. Samadi ya ng'ombe mmoja inatosha mashimo ya upande wa juu tu, nitaanzia hapo. Mama Mkwe alikuja tena juzi. Hakukuwa na mtu wa kutazamana naye, akaondoka bila kungojea kamba.

Bwawa bado la kijani. Wewe mwenyewe ulisema inakaa chini kwenye matope miaka kumi. Hapo sikubishii. Geuza.

Sina neno huku nyuma. Nilitaka nijue kama utageuza.

Baba alikungoja upande huu miezi minane.

Dada yako.